Kisima cha Ufukweni na Amana Iliyomo

(Mazungumzo yaliyosomwa na karani wa chama mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, na kuchapishwa hapa kwa idhini ya Kamati)



Twaanza kwa kuomba radhi. Katika mikutano ya namna hii ni desturi karani kusoma kumbukumbu za mwaka uliopita, kisha kuketi na kuwaachia wazee maneno. Leo tumepewa ruhusa ya kusema zaidi ya hayo, nasi twajua ya kuwa umri wetu haujafikia kuwafundisha watu walioteka maji katika kisima hiki kabla sisi hatujazaliwa. Basi haya tutakayoyasema yapokeeni kama hesabu inayotolewa na mtumishi wenu. Na ndani ya hesabu hiyo limo kosa moja, ambalo ni letu wenyewe, nasi tutalitaja mahali pake.

Jambo lenyewe ni kile kisima cha ufukweni kilicho chini ya mkwaju, hapo njia ya miguu inapoishia mchangani. Mwaka jana chama kilikitengeneza, na tangu hapo wageni wanaoshuka pwani siku za sikukuu wamekipa jina jipya, wakikiita kisima cha nia. Kwa sababu mtu husimama ukingoni, akatia nia moyoni mwake, akatupa sarafu ndani. Jina hilo halikutolewa na chama, wala hatukulitazamia. Lakini limeleta maneno, na maneno hayo yamefika mezani kwa Kamati kwa barua tatu: moja ya wazee wa msikiti, moja ya wazee wa kanisa, na moja ya mama mmoja ambaye hatutamtaja jina. Kwa ajili ya barua hizo tatu ndipo tumesimama hapa leo.

Kwanza yafaa tukumbushane kisima kilikuwa nini. Hakikuchimbwa kwa ajili ya pambo. Kilichimbwa kwa ajili ya kiu, na watu wa mitaa yote miwili walikunywa humo. Wazee walikuwa wakiteka kwa ndoo ndogo na kamba, tena waliwakataza watu kuteka mchana kutwa bila kukipumzisha kisima. Sisi wadogo tulidhani hilo ni katazo tu kama makatazo mengine ya kale. Kumbe walikuwa na sababu. Katika nchi ya matumbawe na mchanga, maji ya mvua hushuka chini ya ardhi yakaelea juu ya maji ya bahari, maana maji matamu ni mepesi kuliko maji ya chumvi. Wataalamu wamepima wakaona ya kuwa, kwa makadirio, kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari ina mita 40 za maji matamu zilizo chini ya usawa huo. Basi mtu akiyashusha maji ya juu kwa mita 1 tu kwa kuyavuta kwa nguvu, mpaka wa chumvi ulio chini huelekea kupanda kwa kadiri ya mita 40. Ndoo na kamba havina nguvu ya kuiamsha chumvi. Mtambo wa kuvuta maji unayo.

Ndivyo yalivyotupata. Mtambo ulipofungwa pale, watu walifurahi, na furaha yenyewe haikuwa ndefu. Maji yaligeuka ladha, kisha yakaanza kukataa sabuni, kisha yakawa hayanyweki. Mtambo ukaondolewa, mabomba yakaja kutoka upande mwingine, na kisima kikabaki peke yake. Miaka mingi kilikuwa jalala. Mawe ya mdomo yalianguka ndani, mizizi ya mkwaju ikapasua ukuta, na watoto wakakatazwa kupita karibu.

Wala sisi si wa kwanza katika pwani hii kuona maji yakituacha. Katika magofu ya Gedi, ambayo Bwana James Kirkman alianza kuyachimbua mwaka 1948, na ambayo UNESCO iliyatia katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2024, vimo visima virefu vilivyojengwa kwa mawe. Mji ule ulikuwa na Msikiti Mkuu, na nyumba ya mfalme, na kuta za kuuzunguka. Nao ulihamwa katika karne ya 17. Miongoni mwa sababu zinazotajwa na wataalamu ni kupungua kwa maji ya ardhini. Mwenye kutembea pale leo akaona miti mikubwa imeota ndani ya vyumba vya watu, hana budi kujiuliza: je, kijiji kikikosa maji kinabaki na nini cha kuwashika watu pamoja?

Swali hilo ndilo lililokuwa mbele ya Kamati wakati shauri la kukitengeneza kisima lilipoletwa. Kulikuwa na upinzani, na upinzani huo ulikuwa wa haki. Wanachama waliuliza kwa nini fedha itumike juu ya kisima kisichonyweka, hali mfuko wa mazishi ni mwembamba na paa la chumba cha mikutano linavuja. Majibu mawili ndiyo yaliyoshinda. La kwanza lilitoka kwa mzee mmoja, aliyesema kwa ufupi: "Wanangu, kisima hiki kilitunywesha. Mama aliyekunyonyesha humtupi jalalani kwa kuwa maziwa yamekauka." La pili lilitoka kwa vijana. Wao walisema kwamba twajua sote namna njia za kwenda baharini zinavyozibwa katika pwani yetu: leo ua wa miti, kesho ukuta, kesho kutwa lango lenye mlinzi. Mahali pasipo alama ya watu wengi hupata mwenyewe mmoja. Kisima kikisimama kwa heshima yake, na watu wakaketi pale jioni, hata njia ya kukiendea itakuwa na mashahidi kila siku.

Basi kazi ilianza, na mwanzo wake ulikuwa mbaya. Tuliharakisha. Tulinunua saruji, tukaupaka ukuta wa upande wa bahari, ukang'aa kama sahani mpya. Mvua ya masika moja ikatosha. Saruji ilipasuka, ikabanduka vipande vikubwa, nayo ikabandua na uso wa mawe ya kale yaliyokuwa nyuma yake. Fundi mzee aliyeitwa kutazama aliupiga ukuta kwa kidole, akasikiliza, akasema: "Mmelivika jiwe kanzu isiyopitisha jasho." Kisha akatueleza, nasi tumesoma baadaye tukaona ya kuwa maneno yake ni sawa na ya wataalamu wa majengo ya kale. Jiwe la matumbawe lina vitundu vingi. Hunywa unyevu na kuutoa. Chokaa nayo hupumua vivyo hivyo, kwa hiyo unyevu hupita na chumvi hutoka nje. Saruji ni ngumu, tena huziba. Unyevu hufungwa ndani pamoja na chumvi, na chumvi ikikauka hujenga chembe zinazolisaga jiwe mpaka liwe unga.

Kupotea njia ndiyo kujua njia. Tulikwangua saruji yote, tukafuata desturi. Matumbawe huchomwa katika tanuri ya kuni mpaka yawe chokaa kali. Chokaa ile huzimwa kwa maji, huachwa ipoe na kulainika, kisha huchanganywa na mchanga uliooshwa kwa maji matamu. Haigandi kwa siku moja. Huendelea kuwa ngumu polepole kadiri inavyopokea hewa, na kwa hiyo hupakwa kwa tabaka nyembamba, kila moja ikingojewa. Vijana waliozoea kazi ya siku mbili walijifunza kazi ya miezi. Kwa wale watakaofanya kazi kama hii mahali pengine, twaongeza neno moja: ipo Sheria ya Makumbusho na Turathi za Taifa ya mwaka 2006, na kabla ya kugusa jiwe la kale yafaa kuwauliza watu wa Makumbusho kwanza. Kuuliza hakugharimu kitu, na jiwe lililovunjwa halirudi.

Ulipokwisha ukuta, lilibaki pambo. Hapa wazee walitukumbusha ya kuwa pwani yetu haikukosa sanaa ya watu wote hata kabla ya jina hilo kuzungumzwa. Huko Mambrui, kaskazini ya Malindi, lipo kaburi la nguzo lililopambwa kwa vibakuli vya kauri kutoka Uchina, vilivyopachikwa katika chokaa. Katika nyumba na misikiti ya kale ya Lamu, birika la maji lilitiwa kibakuli cha kauri chini kabisa, na samaki wadogo waliwekwa humo wale vijidudu vya mbu. Tazameni akili hiyo: kitu kilikuwa kizuri, na papo hapo kilikuwa na kazi. Wazee wetu hawakuutenga uzuri na kazi kama mafuta na maji.

Kwa hiyo Kamati iliomba kila nyumba ilete kigae kimoja cha chombo kilichovunjika, kisafishwe na kuletwa kisimani. Sharti lilikuwa moja, kwamba pasiwe na sura ya mtu wala ya mnyama, ili asikwazike yeyote. Vilikuja vigae vya sahani za harusi, vya vikombe vya chai, vya mitungi, na vya mabakuli ya kukandia unga. Mjane mmoja alileta kigae cha kikombe cha marehemu mumewe, akaomba kipachikwe upande wa bahari, maana mumewe alikuwa baharia. Fundi alivipachika vyote katika ukingo, kimoja baada ya kimoja, na leo mtoto akipita na mgeni humwonyesha kwa kidole: "Kile cha kwetu." Twaamini ya kuwa hakuna ukuta katika kijiji hiki uliolindwa na macho mengi kuliko huo. Wala hakuna aliyeandika jina juu yake wala kuchora upuuzi tangu umalizike.

Sasa twafika kwenye sarafu.

Tulipokuwa tukizoa taka chini ya kisima, tuliona katika tope senti kumi ya zamani yenye tundu katikati, ile fedha ya Afrika Mashariki iliyotumika kabla Kenya haijatoa sarafu zake yenyewe mwaka 1966. Tuliiosha tukaionyesha. Bibi mmoja aliyekuwapo aliishika kiganjani, akanyamaza kitambo, kisha akasema ya kwamba huenda ni yeye aliyeitia, siku jahazi la mumewe lilipochelewa. Hakusema zaidi, nasi hatukumwuliza. Basi jambo hili ambalo wengine wanaliona limeletwa na wageni, huenda lilikuwapo kimyakimya tangu zamani.

Na si kwetu tu. Huko Uingereza, karibu na ukuta uliojengwa na Warumi kwa amri ya Hadrian, kipo kisima cha Coventina. Bwana John Clayton alikichimbua mwaka 1876, na ndani yake zilionekana sarafu za Kirumi zaidi ya 13,000. Watu wa dini nyingine, wa lugha nyingine, katika nchi ya baridi, walifanya vile vile. Yaelekea mwanadamu akiwa na haja kubwa kuliko uwezo wake, naye amesimama penye maji, mkono wake hutafuta kitu cha kutoa.

Wazee wa msikiti wameandika kwa upole ya kuwa wanachelea shirki, yaani mtu kukiomba kisima badala ya Mwenyezi Mungu. Wameukumbusha mkutano juu ya mapango na mibuyu ya pwani ambapo watu walipeleka ubani, marashi na vitambaa. Wazee wa kanisa wameandika jambo lile lile kwa maneno mengine. Ni nadra barua hizi mbili kukubaliana hivyo, na Kamati iliona fahari kuziweka katika jalada moja. Sisi tuliosoma shule ya misheni, tukakaa darasa moja na watoto wa chuo cha Kurani, twasema ya kuwa wazee hao wana haki. Maji hayasikii. Kisima hakijui jina la mtu. Kama chama kingeweka kibao cha kuwaahidi watu kwamba nia zao zitatimizwa, chama kingekuwa kimesema uongo kwa fedha.

Lakini barua ya tatu ndiyo iliyotukosesha usingizi, nayo tutaisoma kama ilivyoandikwa, kwa idhini ya mwenyewe: "Kwa Karani wa Chama. Salamu. Mimi nilitia kisimani shilingi ishirini mwanangu alipolazwa hospitali. Mtoto amepona, namshukuru Mungu. Sidai kurudishiwa. Naomba kujua tu, ile shilingi ishirini ilikwenda wapi."

Mabibi na mabwana, hapa ndipo mahali pa lile kosa. Sarafu zilipoanza kuonekana chini ya maji, tulimtuma kijana azizoe kila mwisho wa mwezi kwa wavu. Nazo zikaletwa katika debe, tukazihesabu, tukaziandika daftarini chini ya maneno "Mapato Mengineyo". Katika hesabu za chama, kila karani ajua, mapato mengineyo ni mahali ambapo fedha hupoteza sura yake. Kutoka hapo zilitumika kwa majani ya chai, sukari na mkate wa mikutano ya Kamati. Hakuna aliyeiba. Stakabadhi zote zipo, na mkaguzi wa hesabu hakuona dosari. Hata hivyo, jibu la kweli kwa mama yule lilikuwa hili: shilingi yako ishirini, uliyoitoa mwanao akiwa kitandani, tumeinywa chai.

Tulikaa na barua ile siku mbili kabla ya kumpelekea Bwana Mwenyekiti. Tulijitetea moyoni ya kuwa ni fedha ndogo. Lakini wazee walikwisha kusema, maji ya kifuu ni bahari ya chungu. Shilingi ishirini kwa mtu anayelala chini ya kitanda cha mwanawe hospitalini si fedha ndogo. Yeye hakumpa karani, wala hakuipa Kamati. Aliitoa kwa nia, na fedha iliyotolewa kwa nia ni amana, ijapokuwa haina stakabadhi wala jina.

Tulipotafuta kujua wengine wamefanyaje, tulikuta habari ya mji wa Roma. Huko ipo chemchemi ya Trevi, iliyokamilishwa mwaka 1762, na watu kutoka pande zote za dunia hutupa sarafu ndani yake. Fedha zinazookotwa humo kwa mwaka zimepita euro milioni moja. Kwa miaka mingi mtu mmoja alikuwa akiingia majini alfajiri kwa fimbo yenye sumaku, akizizoa kwa faida yake, na habari yake ikajulikana kwa watu wote mwaka 2002. Fedha za chemchemi ile hupewa shirika la Caritas, nalo huwasaidia maskini kwa chakula na malazi. Mwaka 2019 lilizuka shauri la kuziingiza katika mfuko wa halmashauri ya mji, zikatumike kwa matengenezo na kazi nyingine. Watu wakalalamika, na wakubwa wa mji wakatangaza kwamba zitabaki kwa maskini. Twaona hapa mambo mawili. Mwizi wa usiku alikuwa mmoja, naye alijulikana kuwa mwizi. Lakini mfuko mkuu wa halmashauri, ambao ni halali kabisa, ulikuwa karibu kufanya jambo ambalo watu waliliona si haki. Daftari letu la Mapato Mengineyo ni ndugu mdogo wa mfuko huo.

Liko na jambo jingine la kujifunza, kutoka Marekani. Katika hifadhi ya Yellowstone kuna dimbwi la maji ya moto liitwalo Morning Glory, lililosifika kwa rangi yake ya buluu. Wageni walitupa humo sarafu na takataka kwa miaka mingi, mpaka mshipa wa maji ya moto ukazibwa. Joto likapungua, vijidudu vipendavyo maji yasiyochemka vikaenea, na ukingo ukageuka rangi ya manjano. Mwaka 1950 walinzi walilifanya litapike ili lisafike, zikatoka sarafu tele, na chupa, na makopo, na leso, na hata nguo za ndani. Kila mmoja alitupa kitu kidogo kwa mapenzi mema, na wote pamoja waliliharibu walichokipenda. Nasi sarafu zetu tumeziona zikishika kutu ya chumvi na kuacha madoa mekundu juu ya chokaa. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba chaweza kujaa kutu pia.

Basi, kwa idhini ya Kamati, twaleta mbele ya mkutano huu mashauri manne, nanyi mtayakubali au kuyakataa kwa kura.

Shauri la kwanza: kisima kifunikwe kwa wavu imara kidogo chini ya ukingo, ili mtoto asianguke na sarafu isifike majini. Kando yake liwekwe sanduku la mbao lenye tundu na kufuli mbili, ufunguo mmoja kwa mweka hazina, wa pili kwa mama atakayechaguliwa na akina mama wenyewe.

La pili: pawe na kibao chenye maneno machache ambayo wazee wa msikiti na wazee wa kanisa watayatunga pamoja. Sisi hatutaki kuyatanguliza, ila twaomba yaseme wazi ya kuwa dua huelekezwa kwa Mungu, na kwamba sadaka iliyomo ndani ya sanduku itamfikia jirani. Kwa njia hiyo anayetaka kutoa atajua anatoa kwa nani, na asiyetaka atakaa chini ya mkwaju apunge upepo, maana kisima ni cha wote.

La tatu: fedha hiyo iwe na daftari lake peke yake, isichanganywe na ada za wanachama, wala mfuko wa mazishi, wala mkate wa Kamati. Ihesabiwe na watu wawili mbele ya yeyote apendaye kutazama, na jumla yake ibandikwe mlangoni mwa chumba cha mikutano kila mwezi. Ikiwa ni shilingi tano, iandikwe shilingi tano.

La nne: kazi ya fedha hiyo iwe moja tu, nayo ni nauli na dawa kwa mtoto mgonjwa ambaye wazazi wake hawana uwezo wa kumfikisha hospitali. Wako watakaosema kazi hiyo ni ndogo mno kwa chama chenye heshima. Wacha iwe ndogo. Kazi ndogo iliyo dhahiri hailiwi njiani kwa wepesi kama kazi kubwa isiyojulikana mipaka yake.

Wazee wetu, mlikichimba kisima hiki mkakilinda kwa ndoo na kamba na kwa makatazo ambayo sisi hatukuyafahamu. Chini mlikuwa na maji matamu machache yakielea juu ya bahari nzima ya chumvi, na mlijua ya kuwa anayevuta kwa pupa hupoteza yote. Sasa maji yale hayapo. Lakini watu wanaposimama pale na kutoa kidogo walicho nacho kwa ajili ya mtu wanayempenda, kuna kitu kitamu ambacho bado kinaelea, nacho ni kule kutuamini. Nacho pia chaweza kuvutwa kwa pupa kikageuka chumvi, na kikigeuka hakuna bomba litakalotuletea kingine kutoka upande wa pili.

Kwa upande wetu, gharama yote ya chai, sukari na mkate iliyolipwa kwa sarafu za kisima tumeirudisha kutoka katika mshahara wetu, na mweka hazina ametoa stakabadhi. Mama yule amejibiwa kwa barua, na ameambiwa kweli yote. Alijibu kwa mstari mmoja: "Nimesamehe, na mtoto anawasalimu." Daftari jipya limekwisha kununuliwa, nalo liko hapa mezani kwa yeyote atakaye kulifungua. Ukurasa wake wa kwanza una mstari mmoja tu, usemao: "Shilingi 20, kutoka kwa mama mmoja, kwa ajili ya mtoto mgonjwa."

Mistari mingine yangojea kura yenu.